Upande wa Harbhajan

Kiangazi kile cha mwaka sabini na sita Bethuel alikuwa hakaliki. Jua lilikuwa limeikausha Birmingham mpaka nyasi za bustani zikawa rangi ya mgongo wa simba, Waingereza wakatembea vifua wazi barabarani, na serikali ikakataza watu kumwagilia maua. Kila mtu alitafuta kivuli akatulia humo. Bethuel hakutulia. Alikuwa dereva wa basi, na akirudi nyumbani Alum Rock baada ya zamu yake alivua koti, akakaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga, akakaa tena.

"Baba Milka, umekalia siafu?" mkewe Truphosa alimwuliza. Alikuwa muuguzi, na hakupenda mtu mzima anayehangaika bila homa. "Hata wagonjwa wangu hutulia kuliko wewe."

"Nasubiri."

"Hata mimba husubiriwa kwa kukaa."

Alichokuwa akisubiri ni timu ya Kenya ya mpira wa magongo. Michezo ya Olimpiki ilikuwa ifunguliwe Montreal katikati ya Julai, na Bethuel alikuwa ameuweka moyo wake wote huko. Si mara ya kwanza kuuweka. Aliuweka Barcelona mwaka sabini na moja, Kenya ilipofika nne bora za dunia, ikafungwa na wenyeji kwa bao moja, kisha India ikaja kummalizia mgonjwa kitandani. Mara ile alikosa hamu ya chakula karibu juma zima. Wakenya wenzake mjini walimcheka. Wao walikuwa watu wa kandanda, na walisema mchezo wake ni wa kuokota viazi kwa fimbo.

Aliupata mchezo huo Nairobi, ujana wake, alipokuwa karani wa reli. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kando ya uwanja wa Makalasinga, akaona mpira mdogo mweupe ukikimbia juu ya udongo mgumu kama panya aliyefumaniwa, na wanaume wenye vilemba wakiufuata bila kuutazama, kana kwamba magongo yao yalikuwa na macho. Akawa anasimama nyuma ya lango mpaka mchezo uishe. Hakuna aliyemkaribisha, naye hakuondoka. Siku moja mchezaji wa kati, kijana mrefu mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu, alimjia gongo begani.

"Wewe, kila Jumapili umesimama hapo kama kigingi. Unataka kununua lango?"

"Nataka kujua kwa nini yule wa kushoto hampi mtu mpira."

Kijana yule alicheka mpaka akakaa chini. "Yule ni mjomba wangu. Hampi mtu kitu chochote, hata chumvi."

Huyo ndiye Harbhajan. Urafiki wao ulianzia hapo, na dunia ilipowazungusha ikawatua wote wawili Birmingham. Bethuel alitangulia. Harbhajan alimfuata mapema mwaka sitini na nane, katika lile wimbi la Wahindi wa Kenya, baada ya kaka yake kunyimwa leseni ya duka lao Nakuru. Alipata kazi katika kiwanda cha kusubu chuma na nyumba Sparkhill. Bethuel alitazamia kwamba mtu aliyefukuzwa dukani ataichukia nchi yote, akamwuliza.

"Leseni ni ya ofisi," Harbhajan alimjibu. "Timu ni yangu."

Sebuleni kwa Harbhajan mlikuwa na makochi mawili. Lililokuwa chini ya dirisha lilikuwa kochi la Kenya, na la ukutani kochi la India. Sheria ilikuwa moja tu: ukishakaa, umechagua, na hakuna kuhama mpaka kipenga cha mwisho. Kochi la India lilikuwa na bwana wake, Gurnam, binamu wa mke wa Harbhajan, aliyekuja Uingereza moja kwa moja kutoka Jalandhar na ambaye Kiswahili chake kilikuwa matusi matatu aliyofundishwa na shemeji yake kwa hila. Kwa mambo mengine alitumia Kiingereza au Kipunjabi. Kochi la Kenya lilikuwa la Bethuel na Harbhajan. Harjit, mke wa Harbhajan, aliyezaliwa Kisumu na kusema Kiswahili kuwapita wote, alikaa kwenye stuli mlangoni. "Mimi ni upande wa atakayemaliza chai yake," alikuwa akisema.

Jumamosi ya ufunguzi Bethuel alifika mapema amevaa tai. Alikuwa mtu wa tai. Alikuwa amemaliza miaka minne ya masomo ya jioni, historia na uraia, na alipenda watu wamwone hivyo. Nje kulikuwa bado kweupe na joto lilijaa chumbani kama maji. Walitazama mataifa yakiingia uwanjani na bendera zao, moja nyuma ya jingine, na mtangazaji akawa anataja yaliyokosekana. Kwa siku kadhaa nchi za Afrika zilikuwa zikijitoa, kwa sababu timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini mwezi uleule watoto wa Soweto walipokuwa hawajakauka makaburini, na Nyuzilandi haikuzuiwa Montreal. Bethuel alilijua hilo. Kwenye mkutano wa chama cha madereva alisimama akasema kwamba ni haki, Afrika nzima itoke. Lakini moyo una ujinga wake. Moyoni alikuwa amejiambia kwamba Kenya itabaki.

Mtangazaji akaitaja Kenya. Imejitoa.

Bethuel aliinuka. Akakaa. Akainuka tena, akaenda dirishani, akarudi.

"Kaa chini, bwana, unanipuliza vumbi," Gurnam alisema, akitabasamu. "Timu yenu imerudi nyumbani bila kufungwa. Hiyo ndiyo njia pekee mliyokuwa nayo."

Harbhajan hakucheka. Alikuwa anautazama ule uwanja wa mbali kama mtu anayetafuta jamaa yake kwenye stesheni.

"Wamefanya vyema," Bethuel alisema, zaidi kwa kujituliza. "Kuna mambo makubwa kuliko mchezo. Mtu akikanyagwa shingoni, wewe huwezi kuendelea kucheza na rafiki wa anayemkanyaga. Ni msimamo."

"Msimamo," Harbhajan alisema.

"Ndiyo, msimamo. Hata mimi nilisema hivyo chamani."

"Ulisema?"

"Nilisimama nikasema."

Harbhajan alimgeukia polepole. "Bethuel, mimi sina ugomvi na watoto wa Soweto. Nawalilia. Lakini nisikilize. Wewe una Kenya hata timu isipocheza. Una shamba Butere, una mama yako, una kaburi la baba yako. Ukitaka kesho unapanda ndege, na hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi. Mimi Kenya yangu ilibaki wale watu kumi na mmoja. Duka walichukua, nikanyamaza. Sasa hata timu?"

"Hawajakuchukulia wewe. Hili si jambo lako wewe."

Alipolisema, Bethuel alilisikia lilivyotoka, lakini lilikuwa limekwisha kutoka.

"Kumbe," Harbhajan alisema. "Si langu."

Akainuka, akavuka zulia, akakaa karibu na Gurnam kwenye kochi la India. Gurnam mwenyewe aliacha kutabasamu, akasogea kumpa nafasi kama mtu aliyekalishwa na polisi. Harjit alishika birika asimimine.

"Na mwezi wa nane," Harbhajan akaendelea, macho kwenye televisheni, "bustanini, nitavaa bluu."

Hapo ndipo Bethuel alipoelewa uzito wake. Kila Jumatatu ya sikukuu ya mwisho wa Agosti, Makalasinga wa Sparkhill walicheza wao kwa wao: waliotoka Afrika walivaa kijani wakaitwa Wanairobi, hata kama walitoka Kisumu au Kampala, na waliotoka Punjab walivaa bluu. Harbhajan alikuwa uti wa mgongo wa kijani. Bethuel hakuwahi kucheza. Yeye alibeba machungwa, alitunza mashati, na alipiga kelele. Lakini Harbhajan akivaa bluu, Bethuel alijua kwamba hautakuwa mchezo tu. Mtu akivua kitu cha namna ile mbele ya watu, harudi kukivaa.

Alikwenda nyumbani bila kuaga vizuri. Angeweza kusema neno moja. Lakini kiburi chake kilikuwa kirefu kuliko yeye.

Siku zilizofuata aliendesha basi vibaya, akishika breki ghafla mpaka kina mama wakamlaani. Usiku akigeuka kitandani, Truphosa alimsukuma kwa kiwiko. "Kamwombe radhi mwenzako, mimi nilale."

"Nimwombe radhi kwa kusema ukweli?"

"Ukweli gani? Kwamba Kenya ni ya Baluhya wenzako tu?"

Akageukia ukutani.

Kisha zikaja habari za India. Abiria mmoja mwenye kilemba alipanda basi Stratford Road uso umemshuka, akamwambia Bethuel bila kuulizwa: Australia, mabao sita kwa moja. Huko Montreal walichezea nyasi bandia, zulia la kijani linalorusha mpira kama jiwe juu ya bati, na mabingwa wa zamani wakawa wanaukimbilia kama wazee wanaofukuza kofia kwenye upepo. Bethuel alifurahi kwa muda wa kituo kimoja. Kufika cha pili furaha ilikuwa imechacha. Alimwona Harbhajan kwenye lile kochi jipya, amehama nyumba inayovuja akaingia inayoungua.

Jumamosi ya mwisho wa Julai Harjit alimtumia Truphosa salamu sokoni: shemeji aje anywe chai, huyu mtu hasemi, na kuta tu ndizo bado hajagombana nazo. Bethuel akaenda. Alikaa kwenye kochi la Kenya peke yake. Lilikuwa kubwa ajabu. Harbhajan alimpa mkono na kumwuliza habari za Milka, binti yake aliyekuwa masomoni, kwa adabu ile ya watu wasiojuana. Televisheni ikaonyesha vipande vya fainali ya magongo. Mabingwa wapya wa Olimpiki walikuwa wanarukiana mabegani.

Walikuwa Nyuzilandi.

Kisha Gurnam, ambaye hakuwahi kuiacha nafasi ya aina hiyo ipite, akauinua mguu wake mmoja juu ya mwingine. "Bhai sahib," alimwambia Bethuel, "nieleze mimi mjinga ambaye sikusoma jioni. Wale mliowakimbia ndio wamepewa dhahabu?"

"Gurnam, nyamaza," Harjit alisema.

Bethuel alitafuta hoja katika miaka yote minne ya masomo yake. Alikuwa bado anaamini kwamba Afrika ilifanya haki. Aliamini hivyo mpaka kufa kwake. Lakini haki ilikuwa imekaa naye pale kwenye kochi, na haikuwa mwenzi wa kuzungumza naye. Alimtazama Harbhajan akitarajia hasira, akaona kitu kibaya zaidi: Harbhajan alikuwa anamwonea huruma.

"Kunywa chai, ndugu yangu," Harbhajan alisema. "Inapoa."

Neno halikusemwa siku hiyo pia.

Mvua ilirudi Birmingham mwishoni mwa Agosti, na ilirudi kana kwamba ilikuwa na deni. Jumatatu ya mchezo bustani iliyokuwa jangwa ilikuwa tope. Wapunjabi walikuwa kamili. Wanairobi walikuwa kumi. Walimsubiri wa kumi na moja wakitazama njia, na kila mmoja akijua kwamba amekwisha kufika, amesimama upande wa pili na shati la bluu linalombana tumboni.

Lakhbir, mshambuliaji wao, kijana aliyefukuzwa Uganda na kila kitu isipokuwa mdomo wake, alilitoa shati la kijani la Harbhajan kwenye mfuko, akamtazama Bethuel aliyekuwa na machungwa mkononi.

"Mzee, vaa."

"Mimi? Nina miaka hamsini."

"Umetupigia kelele miaka minane jinsi ya kucheza. Leo tuonyeshe."

Akalivaa. Lilimfika magotini. Wakamweka nyuma kabisa, karibu na lango, ambako katika maisha yake yote alikuwa amesimama upande wa pili wa wavu. "Ukiona kitu cheupe, kipige," Lakhbir akamwambia. "Hiyo ndiyo elimu yote."

Kilichowaua kipindi cha kwanza si uchache wa nguvu. Wanairobi walikuwa na desturi yao uwanjani: waliitana kwa Kiswahili. Kipunjabi kilijulikana na wote, Kiingereza kilijulikana na wote, lakini Kiswahili kilikuwa pazia lao, na nyuma yake walipanga mambo mchana kweupe huku Wapunjabi wakikodoa macho. Sasa adui alikuwa na mtu ndani ya pazia. Lakhbir akiita "Kushoto!" alimkuta Harbhajan amekwisha simama kushoto. Mtu akiita "Mwachie!" Harbhajan ndiye aliyeachiwa. Kufika mapumziko walikuwa wamefungwa mawili, na Gurnam alikuwa anaimba.

"Tubadili lugha," mmoja alisema.

"Ipi? Una nyingine mfukoni?"

Bethuel alikuwa anahema, tope limemfika masikioni. Alikuwa amemtazama Harbhajan muda wote, na alikuwa ameona kwamba mtu yule alicheza vizuri kuliko wote na hakutabasamu hata mara moja.

Kipindi cha pili kilikuwa kimekwenda kitambo mpira ulipomfikia Bethuel peke yake. Ulisimama kwenye tope mbele ya miguu yake, mweupe, mdogo, mtulivu. Maisha yake yote alikuwa ameutazama kwa mbali. Akauinamia kama mtu anayeokota yai. Hakumwona Gurnam akimjia nyuma kwa kasi ya gari moshi, gongo juu.

"Bethuel! Nyuma yako! Mpe Lakhbir, mpe Lakhbir!"

Sauti ile aliijua kuliko sauti ya baba yake. Hakufikiri. Akapiga. Mpira ukateleza juu ya maji ukamkuta Lakhbir peke yake mbele, Gurnam akapita na kuanguka kifudifudi, na bao likaingia.

Wanairobi walikuwa wanarukaruka bado wakati uwanja ulipoanza kunyamaza kidogokidogo, mtu kwa mtu, kadiri kila mmoja alivyogundua nani ameita. Harbhajan alikuwa amesimama katikati, mkono bado umenyooshwa kuelekea kwa Lakhbir. Aliutazama mkono ule kama si wake. Gurnam aliinuka na tope kwenye ndevu, akamimina Kipunjabi kwa muda mrefu, kisha, kwa kukosa kilichobaki, akatumia matusi yake yote matatu ya Kiswahili.

Bethuel akamkaribia rafiki yake. Mvua iliwapiga wote wawili.

"Umeniita."

"Sijakuita."

"Umesema 'nyuma yako'."

"Ulikuwa umezubaa kama mbuzi sokoni! Ningemwacha huyu fahali akuvunje mgongo? Nani angemweleza Truphosa?" Harbhajan alijifuta uso. "Usifikiri nimehama. Shati ni bluu."

"Naliona."

"Basi."

Bethuel alitaka kuondoka. Badala yake akasema, haraka, kabla kiburi hakijaamka: "Siku ile nilisema si jambo lako. Nilisema upumbavu."

Harbhajan aliangalia upande. "Unasimama vibaya," alisema hatimaye. "Umebana magoti. Fungua miguu. Na usiushike huo mti kama jembe."

Mchezo ukaendelea. Gurnam alimwamuru shemeji yake afumbe mdomo, naye akajaribu kweli, akafumba mpaka mashavu yakavimba, lakini kila Mnairobi alipokosea alitoa mlio kama chungu kinachotaka kuchemka. Kisha, karibu na mwisho, akauchukua mpira mwenyewe. Akampita mmoja, akampita wa pili, akampita Lakhbir aliyerudi kuzuia, kwa mwendo uleule wa Jumapili za Nairobi, kichwa juu, bila kuutazama mpira. Mbele yake alibaki Bethuel na golikipa.

"Nakuja kulia kwako," Harbhajan alimwambia akikimbia, kwa Kiswahili, waziwazi kama mtu anayeelekeza mgeni njia.

Bethuel akajiambia: ni mtego. Akarukia kushoto. Harbhajan akapita kulia, kama alivyosema, na mpira ukagonga ubao wa nyuma ya lango.

Wapunjabi walipiga kelele. Golikipa akatupa gongo. Na Bethuel, akiwa amepiga magoti kwenye tope, alikuwa anapiga makofi. Hakujua alianza saa ngapi.

"Nilikuambia kulia!" Harbhajan alimfokea. "Nilikuambia! Kwa nini huniamini?"

Lakhbir alifika anahema, hasira imemjaa. "Mzee! Unampigia nani makofi?"

Bethuel aliitazama mikono yake, kisha akamtazama yule mtu mrefu wa bluu anayerudi katikati huku akiendelea kulalamika peke yake kwa Kiswahili.

"Wa kwetu," alisema.

"Basi mwambie wa kwetu," Lakhbir alisema, akimvuta ainuke, "atuachie angalau moja."